Wiki nzima ya kuteleza ubavu: nilivyoenda kupimwa udoria wa skii Vermont

Jumapili, safari

Nimefika usiku, mlima wenyewe sijauona, nimeona tu taa za zile mashine za kusawazisha theluji zinapanda na kushuka gizani kama vimulimuli. Toka Boston unashika barabara ya 93 kwenda kaskazini afu unahamia 89, ukishaingia jimbo la Vermont magari yenye skii (zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji) juu ya paa yanazidi tu na baridi nayo inazidi, mpaka nikaanza kujiuliza hivi nani kanituma. Hakuna aliyenituma. Nimeskii miaka tisa, nikajiona nimeiva, nikaomba nafasi ya kujitolea kwenye doria, yaani wale wanaomfuata aliyeumia mlimani wakamshusha, ya mlima fulani (sitautaja, mtaona kwanini), wakaniambia njoo wiki nzima tukupime.

Nilijipa saa moja ya kupita Stowe. Kwenda kupimwa udoria afu upite Vermont bila kukanyaga Stowe ni kama kwenda kumwona mgonjwa ukaishia getini. Hapo juu Mount Mansfield, mwaka 1936, jamaa mmoja wa mambo ya bima anaitwa Charles Minot Dole, wenzake walimwita Minnie, alivunjika kifundo cha mguu, msaada wa maana hakuna, rafiki zake wakamlaza juu ya bati la kuezekea wakamburuza hadi chini. Bati jamani. Miezi haijapita mingi mmoja wa hao waliomshusha, Frank Edson, naye akafa kwa ajali kwenye mashindano ya skii. Dole akalibeba hilo jambo hakulitua tena, na 1938 ndo ikazaliwa National Ski Patrol, doria ya kitaifa ya Marekani, leo ina watu zaidi ya 30,000 na wengi wao ni wa kujitolea. Huyuhuyu Dole ndo aliyeisumbua serikali mpaka jeshi likaunda kikosi cha milimani, kile kilichokuja kuitwa 10th Mountain Division, na doria ikapewa kazi ya kuwatafutia vijana wa kuingia.

Basi nimelala na hiyo picha ya bati kichwani.

Jumatatu

Tuko watano, watatu wa skii na wawili wa snoubodi (mbao moja pana, miguu yote miwili imefungwa juu yake). Anayetupima ni mama mmoja wa makamo, mfupi, sauti ya chini, jaketi jekundu lenye msalaba mweupe limechujuka mpaka limekuwa rangi ya waridi mabegani. Humu nitamwita Bi Mkufunzi.

Asubuhi tulikaa ndani nusu saa tu akatueleza viwango. Kwa kifupi kuna ngazi: kwanza unakuwa mtahiniwa, afu mwanadoria kamili, afu ukitaka unapanda hadi Senior, na juu kabisa kuna Certified ambao ni wachache na wanaheshimika kama masheikh. Sisi tunapimwa ngazi ya chini kabisa hiyo. Huduma ya kwanza ni kozi yake ya peke yake, ina kitabu kizito na mitihani yake, hiyo nilishamaliza na sitaizungumzia, wiki hii ni miguu tu. Na kila mlima una uamuzi wake, maana wanadoria wanafanya kazi chini ya uongozi wa mlima husika, kwaiyo unaweza kufaulu hapa ukaenda kwingine wakakupima upya.

Sasa kinachopimwa ni nini? Mi nilidhani ni kuskii vizuri. Bi Mkufunzi akasema lazima ushuke njia zote za mlima huu, duara la kijani (rahisi), mraba wa buluu (ya kati), almasi nyeusi (ngumu), kwenye theluji yoyote utakayoikuta siku hiyo, kwa kasi unayoichagua wewe siyo inayokuchagua. Hiyo sentensi ya mwisho niliiandika kwenye mkono. (Kwa wasiojua, hizo alama zinalinganisha njia za mlima mmoja zenyewe kwa zenyewe, almasi ya mlima mdogo inaweza kuwa buluu tu kwenye mlima mkali, usije ukajisifia almasi kabla hujasema ni ya wapi.)

Tukapanda. Wa kwanza mimi. Nikashuka almasi kwa kona ndefu, skii sambamba, kasi nzuri, theluji inaruka, nikafunga breki ya ubavu mbele yake nikammwagia kidogo buti. Nikasubiri sifa.

Akasema, "Vizuri. Sasa rudi juu ushuke hapohapo kwa mwendo wa mtu anayetembea."

Wajameni. Mwendo wa mtu anayetembea kwenye mteremko mkali ni kazi. Kasi inakubeba, kasi inakufichia madhambi, kona mbaya ukiipiga haraka hakuna anayeiona, ila ukiambiwa uipige polepole kila kitu kinaonekana, mguu huu unachelewa, bega linatangulia, mkono uko nyuma kama umebeba ndoo. Nilianguka mara mbili. Nimeskii miaka tisa nimeanguka nikiwa natembea!

Mchana ikaja kuteleza ubavu, na hapa nieleze taratibu maana ndo wiki yenyewe. Unasimama skii zimelala kukatiza mlima, ukiyakandamiza makali ya upande wa juu skii zinang'ata na unasimama, ukiyalegeza zikalala bapa unateleza kwenda chini ubavuubavu, kama kijiko kinavyofuta sahani. Legeza, ng'ata, legeza, ng'ata. Basi. Afu unaongeza jani, yaani ukiegemea mbele unateleza chini huku unaenda mbele, ukiegemea nyuma unateleza chini huku unarudi nyuma, unayumba hivo kama jani linalodondoka toka mtini. Bi Mkufunzi akachomeka fimbo za skii mistari miwili, kichochoro chembamba kinachoenda chini moja kwa moja, kazi ni kuteleza humo bila kugusa fimbo.

Nikiangalia kushoto mi fundi. Nikiangalia kulia nilizoa fimbo nne.

Jumanne

Usiku ilinyesha mvua, alfajiri ikaganda. Mlima wote umekuwa sakafu ya saruji iliyopigwa msasa, jua likitoka unaweza kujitazama sura. Mtu wa likizo siku kama hii anabaki ndani na kitabu, mwanadoria ndo siku anayohitajika zaidi, kwaiyo ndo siku nzuri ya kupimwa. Saa moja asubuhi tulikuwa chumba cha zana tunanoa makali ya skii kwa tupa, chuma kinanukia, kila mtu kimya.

Leo niwasemee wa snoubodi maana jana niliwapuuza. Snoubodi ni mtoto wa Vermont kwa namna fulani, Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao zake huku 1977, ila hapohapo Vermont kuna mlima wa Mad River Glen ambao mpaka leo hawaruhusu snoubodi kabisa, ni mmoja wa milima mitatu tu iliyobaki Marekani yenye msimamo huo. Kwenye doria kelele hizo hakuna. Kipimo ni kilekile: fika kwa majeruhi, mshushe, asiumie zaidi. Unafika kwa mbao moja au mbili ni juu yako, hakuna alama za huruma.

Na kweli kila kifaa kina taabu yake. Mtu wa snoubodi kuteleza ubavu ni mkate wake wa kila siku, ndo kitu cha kwanza alichojifunza, kwenye barafu ya leo yule dada wa snoubodi alishuka kile kichochoro upande wa kisigino kama anashuka ngazi za nyumbani kwake. Akaambiwa geuka upande wa vidole. Hapo unateleza mgongo ukiwa umeelekea chini, huoni unakoenda mpaka ugeuze shingo kama bundi, na barafu ikikuponyoka unaangukia magoti na viganja. Akashuka. Polepole lakini akashuka. Mi bado nilikuwa nagombana na kulia kwangu.

Ila tulipofika sehemu tambarare mambo yakageuka. Sisi wa skii tunasukuma kwa fimbo, tunapiga hatua za kuteleza kama wale wa viatu vya magurudumu, tunapanda kwa kuzipanua skii mbele mpaka alama zake zinakuwa kama mifupa ya samaki, wao inabidi wafungue mguu mmoja wasukume kama mtoto mwenye skuta, au wavue kabisa watembee wakizama mpaka magoti.

Mchana manundu, yaani mteremko uliojaa vichuguu vya theluji. Manundu yaliyoganda. Sina la kusema, magoti yanauma, nalala.

Jumatano

Leo tumekabidhiwa sledi, ile ya kumshushia majeruhi. Ukiiona pembeni ya kituo cha juu unaona ni kama mtumbwi mfupi wa plastiki ngumu, mbele ina mikono miwili mirefu kama ya mkokoteni, wewe unaingia katikati ya hiyo mikono na unakuwa punda. Tofauti na punda ni kwamba mzigo uko nyuma yako upande wa juu wa mlima, na unataka kukupita.

Chini ya pua ya sledi kuna mnyororo. Mteremko ukiwa mkali unaushusha uburuzike chini ya sledi, unakwangua theluji, na ukikandamiza mikono kwenda chini pua inaulalia mnyororo na breki inazidi. Ukiinyanyua mikono breki inapungua. Kwaiyo kazi ni miguu na mikono kwa pamoja, miguu inateleza ubavu, mikono inapima mnyororo, na macho yako yako mbali, yanatafuta wapi theluji laini, wapi jiwe limechungulia, wapi utasimama ikitokea la kutokea.

Na kuna sheria moja hakuna mjadala: hauachii mikono. Hata ukianguka. Sledi ikikuponyoka na mtu ndani haina breki nyingine.

Hapa ndo nikaelewa kwanini tumeteswa siku mbili. Ukiwa katikati ya mikono ya sledi huwezi kupiga zile kona zangu nzuri ndefu, nafasi hiyo haipo, unachoweza ni ubavu kushoto, ubavu kulia, kabari (yaani ncha za skii zimekaribiana mbele na mikia imepanuka), na kuhama toka kimoja kwenda kingine bila mtikisiko. Kuhama ndo shughuli. Toka ubavu wa kushoto unafungua kabari sekunde moja tu, sledi inanusa kwenda moja kwa moja chini, unafunga ubavu wa kulia kabla haijashika kasi. Ukichelewa inakusukuma mgongoni. Ukiwahi sana unakwama na mkia wake unakuja kukutafuta.

Sledi tupu leo, nimeanguka mara moja, mikono sijaachia. Bi Mkufunzi aliangalia mikono tu, wala hakuniangalia mimi.

Alhamisi

Leo sledi ina mtu. Na kabla ya kuvuta kila mmoja alikuwa majeruhi kwanza, hiyo ndo amri yake, hakuna kumvuta mtu kama hujavutwa.

Nikalazwa, nikafunikwa blanketi na turubai, nikafungwa mikanda mpaka nikashindwa kujikuna pua. Kwa kawaida tumefundishwa sehemu iliyoumia ikae upande wa juu wa mlima, mi nilipewa mguu uliovunjika, kwaiyo kichwa kikaelekea chini. Unaona mbingu. Unaona matawi ya misonobari yanapita kinyumenyume. Hauoni unakoenda na hauna cha kushika. Mnyororo unaunguruma karibu na sikio lako kabisa na vumbi la theluji linakuingia shingoni.

Aliyenivuta wa kwanza ni jamaa wa skii, mzuri kuliko sisi wote, aliwahi kushindana ujanani. Akashuka kwa raha zake. Kila alipohama upande nilihisi tumbo linabaki nyuma, kila alipong'ata makali ghafla mikanda inanikaba, na mguu wangu ni mzima! Nikawaza mguu uliovunjika kweli ungekuwa unasema nini. Nikamwaza na yule Dole kwenye bati lake, hakuna mnyororo, hakuna mikanda, hakuna mtu nyuma wa kushika kamba.

Wa pili alikuwa yule dada wa snoubodi. Upande wa kisigino, mwanzo mpaka mwisho, anasemasema nami njia nzima: "sasa tunaingia kona kulia, kutakuwa na kelele kidogo, hiyo ni barafu tu, tumepita." Nilisinzia. Sitanii, karibu nilale.

Tulipofika chini Bi Mkufunzi hakuuliza wavutaji waliendaje. Aliniuliza mimi, na akaandika nilichosema. Jamaa wa skii alikasirika kidogo, akasema mimi siyo mtahini. Akajibiwa kwamba aliyelala ndani ndo mtahini wa kweli, wengine sote tunakisia.

Jioni tukafanya kamba ya nyuma. Kwenye mteremko mkali anakuwepo mtu wa pili, ameshika kamba toka mkia wa sledi, yuko juu nyuma. Watu wanaidharau hii kazi mpaka waifanye. Wewe hauendeshi, wa mbele ndo dereva, wewe kazi yako mkia usishuke kuliko pua mkiwa mnakatiza mlima, na wa mbele akianguka uwe na uwezo wa kuisimamisha sledi na mtu wake. Kamba isilegee ikaburuzika chini ya skii zako, isikazwe mpaka ukamnyima mwenzio nafasi. Na unateleza ubavu muda wote, kwa kasi ya mwenzio, ukipita palepale alipokwangua yeye ambapo sasa pamebaki barafu tupu. Nimeipenda hii kazi kuliko ya mbele, sijui kwanini.

Ijumaa

Mazoezi ya tukio zima. Redio inaita, mtu ameanguka njia fulani, unabeba mkoba wako unaenda. Nikaenda kwa mbwembwe, nikamwona "majeruhi" nimeshamkaribia, nikafunga breki, nikasimama mita kama 6 chini yake. Mita 6 ni hatua chache kama uko barabarani. Kwenye barafu, skii mguuni, mkoba mgongoni, ni kupanda ubavu hatua kwa hatua unahema kama mbuzi huku mgonjwa wako anakuangalia. Wa snoubodi hawakukosea hata mmoja, na niliona sababu: wao wakikosea lazima wavue wapande kwa miguu, kwaiyo wanaanza kufikiria pa kusimama toka mbali. Mi skii zimenizoesha uvivu.

Ukifika unachomeka skii zako mbili kwenye theluji, upande wa juu wa mlima toka alipo majeruhi, zikikatana kama herufi X, kila anayeshuka aone kuna jambo. Mtu wa snoubodi hana cha kukatanisha, anaomba skii za mwenzie au anatumia alama nyingine ya kuonekana, na mbao yake anaifudikiza baindingi (vile vifungio vya miguu) zikae chini isije ikashuka peke yake.

Saa nane mchana redio ikaita kweli. Bi Mkufunzi alikuwa katikati ya sentensi, hakuimalizia. Akachukua sledi na mwenzie mmoja wa doria, sisi tukaambiwa tusimame pembeni tusiguse kitu. Walikuwa juu kwenye almasi, theluji yote imekwanguliwa imebaki barafu tupu. Tulimsikia kabla ya kumwona, mnyororo tu, sauti moja ile ile haipandi haishuki, afu akatokea anateleza ubavu, kulia, kushoto, kulia, kichwa kimetulia kama amebeba mtungi. Akatupita bila kutuangalia.

Hapo nikagundua toka Jumatatu sijawahi kumwona yule mama akipiga kona nzuri hata moja.

Jumamosi, mtihani

Wapimaji watatu, wawili wageni kwangu. Nitakwenda haraka maana nimechoka na nina safari.

Kushuka njia zote bila sledi, nimepita. Mwendo wa kutembea, nimepita. Kichochoro kushoto, safi. Kichochoro kulia, nimegusa fimbo moja, wakatazamana, nimepita. Jani, nimepita. Sledi tupu na kamba ya nyuma, nimepita, kamba mmoja wao alisema niko vizuri na nikatabasamu kama mjinga.

Sledi yenye mtu, kwenye manundu. Nilianza vizuri, naongea na mtu wangu ndani, mnyororo umetulia. Nundu la tatu ilibidi nihame kwenda ubavu wa kulia. Nikasita. Nusu sekunde labda, nikiwaza mguu wangu wa kulia badala ya kuutumia, kabari ikakaa wazi, sledi ikanisukuma, nikang'ata kwa nguvu, mkia ukazunguka ukaenda kusimama pembeni yangu. Mikono sikuachia. Mtu ndani hakuumia, alisema tu "oya". Lakini kila mtu aliona, mpaka mimi.

Bi Mkufunzi akaja kuniambia mwenyewe, hakunizungusha: vyote nimepita kasoro hicho, nirudi mwezi ujao nipimwe hicho tu, na mpaka wakati huo nishuke kulia. "Kila mara ukipanda lifti, shuka kulia." Yule dada wa snoubodi kapita vyote na kavalishwa jaketi palepale, linampwaya. Jamaa wa skii aliyewahi kushindana naye anarudi, tena kwa sababu ya kasi.

Lifti zilikuwa na nusu saa kabla ya kufungwa. Nikapanda ya mwisho peke yangu, nikachagua mraba wa buluu mmoja mpana, nikaangalia kulia, nikalegeza makali. Legeza, ng'ata. Watu wananipita wanarudi nyumbani. Katikati ya njia mapaja yanatetemeka kama ya ndama, mtoto mmoja akasimama, akamuuliza baba yake kama yule anko amekwama.

Nikamwambia hapana, naenda hivihivi mpaka chini.